Mto Ulikopita Mwaka Tisini na Nne

Mwalimu Theonest alikuwa na kasoro moja ambayo miaka thelathini na minne ya ualimu ilikuwa imeilea hadi ikafanana na fadhila: hakuweza kulipita kosa bila kulisahihisha. Alisahihisha mabango ya maduka. Alisahihisha tarehe katika mahubiri ya padri. Siku ya mazishi ya mkewe alisimama, macho yakiwa mekundu, akamsahihisha msoma wasifu aliyekosea mwaka wa ndoa yao. Watu wa Mtongolo walimvumilia, kwanza kwa sababu alikuwa mzee, na pili kwa sababu karibu nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikuwa wamewahi kusimama mbele yake wakiwa wamevaa kaptula, na mtu aliyekuona katika hali hiyo ni vigumu kubishana naye hata ukiota mvi.

Mtongolo uko pembezoni kabisa mwa Temeke, mbele ya Chamazi, pale ambapo jiji limekoma kuwa jiji lakini shamba bado halijakubali kushindwa. Kwenye karatasi za serikali ni mtaa. Wakazi wake wakienda Mbagala husema wanakwenda mjini.

Theonest alipangiwa shule ya hapo mwaka tisini na moja, akitokea Kamachumu, mkoani Kagera, na mwaka uliofuata alinunua shamba kwa Mwinshehe, Mzaramo ambaye babu zake walikuwa wamemwachia mteremko wote wa kuelekea mto Msorwa. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mjumbe: kaskazini njia, mashariki Rosalia, magharibi mkorosho mkubwa, kusini mto. Siku hiyo walitembea mpaka wote kwa miguu, muuzaji mbele, mnunuzi nyuma, majirani pembeni, kama desturi inavyotaka, na kila walipofika kona mmoja wao alikanyaga ardhi mara mbili na kusema, "Hapa." Hakuna aliyeuliza itakuwaje iwapo mmojawapo wa mashahidi hao wanne ataondoka. Mkorosho ulikatwa kuni. Njia ilisogezwa na mtu aliyetaka nafasi ya choo. Rosalia alibaki. Mto ulihama.

Ulihama kwa sababu ya mchanga. Jiji lilikuwa likijengwa, na jiji lililojengwa kwa matofali ya saruji hula mito. Malori yalianza kushuka bondeni, upande wa kusini wa Msorwa, yakachimba mashimo ambayo kila mwaka yaliongezeka kina, hadi masika ya mwaka elfu mbili na kumi na moja maji yalipopata njia ya mkato. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta mto uko hatua tisini kutoka pale walipouacha jana yake. Nyuma yake uliacha utepe mrefu wa udongo mweusi, laini kama unga uliokandwa.

Familia kumi na sita zilizopakana na mto ziliufuata. Hakuna aliyeona kwamba anavamia kitu. Hati zote zilisema kusini mto. Mto ukisogea, na mpaka unasogea. Mwenye shaka akamuulize Mungu aliyeusogeza, au yule mwenye malori. Rosalia alipanda mchicha na matembele. Mwingine alijenga banda la kuku. Theonest alisafiri na basi hadi Kamachumu, akarudi na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwenye gunia, akayapanda katika udongo ule chini ya mkuyu mkubwa uliokuwa umebaki peke yake bila mto wake. Mkuyu haupandwi na mtu. Huota penye maji. Yeye mwenyewe alikuwa amelifundisha jambo hilo darasani mara zisizohesabika.

Migomba ilistawi kwa namna ambayo Temeke haikuwa imewahi kuiona. Avelina, mkewe, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amepika ndizi za sokoni kwa uso wa mtu aliyekwenda kutoa rambirambi, alianza kuimba jikoni. Naye alipofariki, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, Theonest alifanya jambo ambalo ukoo wake haukumsamehe. Mhaya huzikwa kwenye kibanja cha ukoo, kati ya migomba na makaburi ya waliomtangulia. Maiti husafirishwa hata siku tatu ili afike. Theonest alikataa. Alisema kibanja ni migomba na kaburi, migomba anayo, kaburi ndilo lililopungua. Akamzika Avelina chini ya mkuyu, na juu ya msalaba wa saruji akaandika kwa mkono wake: AMEPUMZIKA NYUMBANI KWAKE. Kaka yake alimpigia simu kutoka Kamachumu akamwambia, "Umemzika mke wetu kwenye mchanga wa watu." Ilikuwa mojawapo ya sentensi chache maishani mwake ambazo Theonest hakuzisahihisha, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba muda utazisahihisha wenyewe.

Isack alikuja Juni ya mwaka jana, katika gari jeupe lenye vumbi la kiasi cha heshima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni Isack. Dawati la pili, dirishani. Ulikuwa unaandika saba kama moja."

"Siku hizi naandika kwa mashine, Mwalimu."

"Mashine nayo ina moja na saba."

Isack alicheka. Alikuwa mtaalamu wa mazingira sasa, mwenye nyumba Tegeta na kishikwambi mkononi, na alikaa kwenye kigoda kwa Theonest kwa unyenyekevu uleule wa zamani, magoti yakiwa pamoja. Kampuni yake, alieleza, ilikuwa inafanya utafiti kuhusu mtazamo wa wakazi wa vijijini na pembezoni juu ya mabadiliko ya mandhari. Walihitaji wazee wakumbuke bonde lilivyokuwa. Alihitaji mtu wa kuwakusanya, mtu ambaye wakimwona wataamini.

"Na faida yake?" Theonest aliuliza, maana hakuwa mjinga.

"Mwalimu, bila kumbukumbu zenu, wenye malori watasema mto umekuwa kule siku zote. Nani atawapinga? Ramani ya zamani yenye vipimo haipo. Mmebaki nyie."

Theonest aliupenda usemi huo. Mtu anayeishi kwa kukumbuka sawasawa hungoja maisha yake yote kuambiwa kwamba kumbukumbu zake zinahitajika. Alipita nyumba kwa nyumba mwenyewe. Waliosita aliwaambia, "Ni mwanafunzi wangu," kana kwamba hiyo ni dhamana ya benki.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Isack alianza kwa kusoma dodoso. "Kwa maoni yako, mandhari ya eneo lako yameboreka, yamebaki vilevile, au yameharibika?"

Stanley, mwenyekiti wa mtaa, alisimama kwanza, kama wenyeviti wanavyopaswa. "Yameboreka sana. Nilipofika hapa palikuwa na nyumba kumi na moja na nguruwe pori. Leo tuna umeme."

"Umeme uko kwenye nguzo, mwenyekiti," sauti ya nyuma ilisema. "Ndani bado haujakaribishwa."

"Mie nilikuwaga nasikia chura," alisema Rosalia, mjane wa Kimakonde aliyekuwa amelima bonde lile kabla ya wote isipokuwa Mwinshehe. "Chura wanapiga kelele, mie nalala. Siku hizi napigiwa kelele na malori, silali. We baba andika hapo: chura wameharibika."

"Chura hawamo kwenye machaguo, mama."

"Basi na mie simo."

Baada ya vicheko, Isack aliweka kando kishikwambi na kuomba wamchoree bonde ardhini, lilivyokuwa miaka thelathini iliyopita. Yalitumika magunzi kuwa nyumba, vifuu kuwa visima, na majivu ya jikoni kuwa mto. Kopo la majivu alipewa Mwinshehe, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa pale.

Mwinshehe alikuwa mtu mkavu, mwembamba, aliyevaa kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, hata akilima. Alilishika lile kopo kwa muda. Akamtazama Isack, akalitazama gari jeupe, kisha akamwaga majivu kwa mstari mmoja mrefu, mbali kabisa upande wa kusini, palepale mto unapopita leo.

"Hapo," alisema. "Haujawahi kutoka hapo."

Kila mtu uwanjani alijua kwamba ule ni uongo, na wengi wao, bila kujua sababu, waliona kwamba ni uongo wa kukaliwa kimya. Rosalia aliangalia vidole vya miguu yake. Stanley alikohoa.

"Hapana," alisema Mwalimu Theonest.

"Mwalimu, kaa."

"Siwezi kukaa, Mzee Mwinshehe. Umekosea kwa hatua tisini."

"We Nshomile wa Kagera, mie nimezaliwa hapa."

"Ndiyo maana nashangaa."

Watu walicheka, kwa kuwa kichekesho kilikuwa kizuri, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. Theonest aliingia katikati na fimbo yake. Akaufuta mto wa Mwinshehe kwa soli ya kiatu. Akachukua kopo akamwaga mto mwingine, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyechora ramani ubaoni nusu ya umri wake: nyuma ya shamba la Rosalia, kushoto kwa mkuyu, katikati ya migomba yake mwenyewe. "Ukingo wa kaskazini ulikuwa hapa. Mita mia mbili kumi na mbili kutoka kona ya darasa la saba. Tulipima na wanafunzi mwaka tisini na nne."

"Nakumbuka, Mwalimu," alisema Isack bila kuinua uso kutoka kwenye kishikwambi alichokuwa amekichukua tena. "Kamba ya katani. Fundo kila mita."

Theonest alirudi kukaa akiwa na furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu astaafu. Mwinshehe alikuwa bado amesimama. Alijikung'uta majivu mikononi, kiganja kwa kiganja, akaondoka kabla ya soda kugawanywa.

Alama za X zilipakwa Februari, kwa rangi nyekundu, kwenye kuta za nyumba kumi na sita. Vijana wa kupaka walikuwa na orodha, na walifanya kazi kwa makini. Kwa kuwa mkuyu ulikuwa kwenye orodha, waliupaka. Kwa kuwa kaburi lilikuwa ni ujenzi, walilipaka nalo, pembeni ya msalaba, chini ya maneno NYUMBANI KWAKE.

Taarifa iliyobandikwa ofisi ya mtaa iliandikwa kwa lugha ambayo Theonest, peke yake katika mtaa ule, aliweza kuisoma bila kusimama. Kwa mujibu wa wakazi wenyewe, ilisema, mkondo wa asili wa mto Msorwa ulipita mita mia mbili kumi na mbili kusini mwa shule. Sheria inakataza makazi ndani ya mita sitini kutoka ukingo. Waliomo ndani ya mita hizo ni wavamizi na hawastahili fidia. Waondoke ndani ya siku tisini. Ama mkondo wa sasa, huo ulitokana na shughuli za kibinadamu, hautambuliki kuwa mto, na uchimbaji wa mchanga katika eneo hilo unaweza kuendelea. Ukurasa wa mwisho ulitoa shukrani za pekee kwa mwalimu mstaafu, Theonest, ambaye kumbukumbu zake makini ziliwezesha mkondo wa kale kubainishwa.

Alipiga simu ya Isack mara tisa. Iliita vizuri zote tisa.

Jirani zake hawakumtukana. Angependa wamtukane. Walimwamkia kama kawaida, shikamoo Mwalimu, na walipokwisha kumwamkia walinyamaza mpaka apite, kama watu wanaongoja lori lipite ndipo waendelee na mazungumzo. Hatia yake aliielewa barabara. Nyumba ya Mwinshehe ilikuwa juu ya mteremko, mbali na mstari. Mzee yule hakuwa na tofali hata moja la kupoteza siku ile alipomwaga majivu mahali pasipo pake.

Mwinshehe alikuja siku ya nne. Alikataa kigoda.

"Kuna kikao cha pingamizi Jumanne," alisema. "Pale shuleni. Mjukuu amenisomea taarifa yote. Hawana ramani. Hawana picha. Wanacho kichwa chako tu."

"Ulijua," Theonest alisema. "Siku ile, ulijua."

"Mie nilijua nini? Nilimwona mtu kashuka kwenye gari na viatu safi anauliza mto ulipita wapi. Mtu hauulizi mto wa zamani ila anataka ardhi ya sasa. Na mie ndiye niliyewauzia hawa. Nilikanyaga nikasema hapa. Wakifukuzwa watakuja kwa nani? Usinifanye mtakatifu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Ulishasimama na fimbo." Alinyoosha kidole upande wa shule. "Jumanne utasimama tena. Utasema umezeeka, umesahau. Utasema ulichanganya na mto mwingine. Kichwa kikikana, hawana kitu."

"Unataka niseme uongo mbele ya darasa langu."

"Nataka useme uongo mbele ya kaburi la mkeo. Chagua linalokuuma zaidi."

Jumanne kikao kilifanyika katika darasa la saba, na Theonest alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga ubao wake. Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti wake, Bi. Lusungu, alikuwa mwanamke mwenye miwani na ile subira ya mtu aliyekwisha kuamua. Isack alikaa pembeni, kama mtaalamu. Nje ya madirisha walisimama watu wa nyumba kumi na sita.

Theonest aliitwa. Alisimama, akashika ukingo wa dawati. Alikuwa amejiandaa siku tatu, na alilisema vizuri, kwa sauti iliyotetemeka mahali pake.

"Nina umri wa miaka sitini na minane. Kumbukumbu yangu si ya kutegemewa. Niliyoyasema kuhusu mto niliyachanganya na mto wa kwetu Kagera. Mzee Mwinshehe, ambaye ni mzaliwa, alisema kweli. Mimi nilikosea. Naomba maneno yangu yafutwe."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema maneno *mimi nilikosea* akiwa hajakosea, na alishangaa kuona yanavyotoka kirahisi. Nje, Rosalia alifunga macho na kusema kitu kwa Kimakonde. Bi. Lusungu aliandika. Mjumbe wa kushoto akamnong'oneza kitu, naye akaitikia kwa kichwa, na kwa dakika moja hivi darasani mle palikuwa na uwezekano.

Kisha Isack akasimama.

"Samahani, Mwalimu," alisema, na kwa kadiri Theonest alivyoweza kupima, alimaanisha. Alifungua mkoba akatoa daftari la kurasa arobaini na nane, jalada lake limebadilika rangi kuwa ya chai. "Mama yangu alitunza madaftari yangu yote. Hili ni la Maarifa ya Jamii, darasa la sita, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne."

Daftari lilipita mkono kwa mkono hadi kwa Bi. Lusungu, na kutoka kwake hadi kwenye dawati la Theonest. Ulikuwepo mchoro wa bonde kwa penseli: shule, njia, mkorosho, mkuyu, mto. Chini yake mtoto alikuwa ameandika umbali kutoka kona ya darasa hadi ukingo: mita 221. Kalamu nyekundu ilikuwa imeikata namba hiyo kwa mstari mmoja safi na kuandika juu yake 212. Pembeni palikuwa na alama ya vema, tisa juu ya kumi, na maneno: *Vizuri sana. Ukipima, pima kweli.*

"Mwalimu," Bi. Lusungu aliuliza, "mwandiko huu ni wako?"

Angeweza kukana. Baadaye, katika wiki zote zilizofuata, alikiri hivyo nafsini mwake: mwandiko mwekundu wa miaka thelathini ungeweza kuwa wa mwalimu yeyote. Lakini jicho lake lilikuwa limeshikwa na ile namba iliyokatwa. Mita mia mbili ishirini na moja. Mstari wa mita sitini ungesogea kusini kwa mita tisa. Nyumba ya Rosalia ingekuwa nje ya mstari. Na nyumba mbili za baada yake.

"Mtoto alikuwa sahihi," alisema haraka. "Mimi ndiye niliyemkatia vibaya. Ni mia mbili ishirini na moja. Tazama, alikuwa ameandika vizuri kabla sijamharibia."

Bi. Lusungu alivua miwani. "Kwa hiyo mto ulipita hapo."

"Mita tisa mbele."

"Lakini ulipita. Sasa tunabishania mita tisa."

Nje ya dirisha Mwinshehe aligeuka akawapa mgongo. Theonest alisikia alichokuwa amekisema yeye mwenyewe kama mtu anayesikia kitu kikidondoka katika chumba kingine. Alikuwa ameingia kikaoni kuufuta mto wote, na baada ya dakika kumi ameurudisha kwa sababu ya kutaka kurekebisha namba.

"Hata hizo tisa, Bi. Mwenyekiti," Isack alisema kwa upole. "Nilipima upya mwaka jana kwa kifaa, kutoka kona hiyohiyo hadi ukingo wa zamani, unaonekana bado kwenye udongo. Ni mia mbili kumi na mbili. Mwalimu alikuwa sahihi."

Na Mwalimu Theonest, akiwa amesimama mbele ya watu aliowapoteza, akiwa na kaburi lenye alama ya X chini ya mteremko, alihisi kifuani mwake, kabla hajaweza kuizuia, furaha ndogo ya mtu aliyepata jibu. Aliichukia. Haikuondoka upesi.

Pingamizi lilikataliwa kabla ya saa sita.

Alimkuta Isack karibu na gari. Malori mawili ya mchanga yalikuwa yakipanda kutoka bondeni, na ilibidi wangoje yapite ndipo wasikilizane.

"Uliniambia ni kwa ajili ya kuwazuia hao."

"Nilikuambia bila kumbukumbu zenu watasema mto umekuwa kule siku zote. Hawajasema hivyo, Mwalimu."

"Nani aliuagiza utafiti?"

Isack alitazama funguo zake. "Mwenye kibali cha mchanga. Kibali kilikuwa kinaisha, mtoni hawaruhusiwi kuchimba. Alitaka kujua kama ule ni mto. Mie ni mtaalamu tu. Naulizwa swali, najibu. Wewe ndiye uliyenifundisha kutokubadilisha kipimo kwa sababu ya huruma."

"Nilikufundisha pia kusoma swali mpaka mwisho."

"Hilo lilikuwa somo la Kiswahili, Mwalimu. Hukutufundisha wewe." Alisema hivyo bila ukali, akimsahihisha tu; kisha akaomba ruhusa ya kuondoka, kama alivyozoea, na hakuondoka mpaka Theonest alipoitikia kwa kichwa.

Njiani Rosalia alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi. "Asante, Mwalimu," alisema. "Na wanangu wote uliwasahihishaga vizuri." Hakukuwa na kebehi usoni mwake, au kama ilikuwepo, alikuwa ameichimbia ndani sana.

Mwinshehe alimngoja kwenye njia panda. Walitembea pamoja hadi ilipoanza mikorosho.

"Nina jambo moja la kukuomba," Theonest alisema. "Shamba lako la juu liko nje ya mstari. Nipe hatua sita kwa tatu nimhamishie Avelina."

Mwinshehe alifikiri kwa haki. Hilo lilionekana.

"Ardhi ninayo," alisema. "Na yeye nilimheshimu, alinipaga ndizi bila kuniambia makosa yangu. Lakini hawa watu watapita pale kila siku wakienda kutafuta vyumba vya kupanga. Watajiona wao wameondoka na kaburi lako limebaki. Watalitemea mate, Mwalimu, na mie nitakuwa nawaona na sitawakataza. Mpeleke kwao."

"Kwao ni hapa."

"Hapa ni mtoni," alisema Mwinshehe. "Si wewe uliyesema?"

Kaka yake, Kamachumu, alipokea simu mara moja. Hakuuliza kilichotokea, alikuwa amekwisha kusikia, kwa kuwa habari ya aibu husafiri hadi Bukoba kwa haraka kuliko basi. "Mlete," alisema. "Tutachimba kwenye migomba ya mama. Na wewe?"

"Mimi nitaona."

"Tulikuambia."

"Mliniambia," Theonest alisema.

Wafukuaji walipangwa Jumamosi, pamoja na padri na kibali kutoka kwa bwana afya. Ijumaa alasiri Theonest alishuka bondeni. Rosalia alikuwa amekwisha kung'oa matembele yake na kuacha matuta matupu. Banda la kuku lilikuwa limebaki nguzo. Migomba ilisimama imara kuliko kawaida, yenye mikungu mitatu ya kukatwa, na chini yake udongo ulikuwa uleule mweusi wa mto, ambao haukuwa umemdanganya mtu yeyote, maana haukuwa umeulizwa.

Alikuwa amekuja na patasi na nyundo. Msalaba haungesafiri, kaka yake alikuwa ameagiza mwingine kule. Huu ungebaki mpaka siku ya tingatinga, na ungesomwa na madereva wa malori. AMEPUMZIKA NYUMBANI KWAKE. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, kama alivyokuwa akisoma kazi ya mwanafunzi kabla ya kushika kalamu. Neno moja moja, yote yalikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye sentensi nzima.

Alilitazama mpaka jua lilipohamia upande wa pili wa mkuyu. Kisha akaweka patasi mfukoni, akakata mkungu mmoja wa ndizi kwa ajili ya safari, akapanda mteremko, na kosa akaliacha pale lilipo.